Nyumba ya Igogo inauzwa, na gari haifiki

Dalali ameandika tangazo la nyumba ya marehemu wazazi wetu. Nilimsomea dada yangu kwenye simu tukacheka mpaka machozi. "Nyumba nzuri inauzwa Igogo, Mwanza. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, inaangalia ziwa, gari inafika, hati safi, bei inazungumzika."

Hiyo masta ni chumba ambacho baba alikiongezea choo mama alipovunjika nyonga, na bomba lake linapita juu ya jiwe kwa sababu hapakuwa na udongo wa kulifukia. Ziwa kweli linaonekana. Gari haifiki. Hata bodaboda inaishia kwa muuza mkaa, pale ngazi zinapoanza. Nilimwambia dalali afute. Akanijibu, "Dada, mteja akishafika pale chini si atapanda tu?" Sikukubali. Mtu akipanda ule mlima na hasira za kudanganywa, hilo ziwa hataliona.

Kwa msiojua Igogo: ni mlima wa mawe juu ya bandari ya Mwanza Kusini, nyumba zimebanana katikati ya majabali, na chini kuna chelezo cha kutengenezea meli, na reli. Baba alikuwa fundi mitambo wa meli, enzi zile meli bado ziko chini ya Shirika la Reli. Akisimama uani aliiona MV Umoja, ile inayobeba mabehewa ya treni kwenda Kisumu na Port Bell, akajua kama siku hiyo atarudi mapema au la. Tukiwa wadogo tulidhani kila mtoto anaweza kuona kazini kwa baba yake akiwa amekaa juu ya ndoo.

Kiwanja alikipata kwa bei ya kutupa, maana chote kilikuwa jiwe. Mwanza jiwe halimshindi mtu mwenye subira. Unalirundikia kuni na matairi mabovu, unawasha moto usiku kucha, jiwe linababuka tabaka kwa tabaka, halafu unaingia na tindo na nyundo. Moshi wake naukumbuka kwenye nguo za shule. Vipande vidogo mama aliketi akavigonga kuwa kokoto, akauza kwa debe, na fedha hiyo ikanunua saruji. Kwa hiyo nyumba imejengwa kwa jiwe, na jiwe likalipia saruji yake lenyewe. Kona ya sebule haina msingi kabisa. Ukuta umekaa juu ya mwamba, na sijaona ufa hata mmoja upande ule. Ufa upo jikoni, kwenye udongo wa kujaza. Nausema mapema.

Jabali kubwa kuliko yote lilibaki uani. Baba alilikatia tamaa. Tulianika dagaa juu yake, michembe ya viazi juu yake, na madaftari yaliyolowa mvua. Pimbi wanakaa chini yake hadi leo na hawana adabu.

Sasa, ukoo. Baba mdogo alinipigia kutoka Magu, kwetu kwa asili. Nilipomaliza shikamoo tu, akaanza: "Nyumba ya kaka yangu mnampelekea nani?" Anaamini nyumba ya marehemu haiuzwi, na kwamba tukiiuza hatutapata usingizi. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Baba na mama wamezikwa Magu, kwenye mji wa babu, na kule hakuna atakayethubutu kuuza hata mti. Igogo ilikuwa nyumba ya mshahara. Baba mwenyewe kila Desemba alifunga mlango akatupeleka Magu wote, na aliposema atastaafu hakuwa anazungumzia mlima ule. Sisi watoto tuko wanne: Dodoma, Kahama, Dar, na mimi hapa Mwanza, Buhongwa. Kodi ya wapangaji inaishia kwenye bati. Ikibaki chenji tukaigawa kwa wanne, haitoshi nauli ya kuja kuigawana.

Kaka wa Kahama yeye hana shida na mizimu, anataka tusubiri. Anasema daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, jiji linapanda, bei itapanda nalo. Labda itapanda Usagara, kwenye njia ya kwenda darajani. Labda hata huku kwangu Buhongwa. Nyumba ambayo kitanda kinafika kwa kubebwa kichwani haitapandishwa bei na daraja.

Kitu ambacho kingeipandisha ni ziwa lenyewe, na hapo wanunuzi wananishangaza. Wote wanauliza, "Hakuna ya chini, ufukweni?" Wamesahau ziwa lilivyopanda mwaka 2020, likapanda tena 2024, na watu wa ufukweni wakalala maji yakiwa sebuleni. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila ujenzi. Sisi tuko juu, tunalitazama tu. Maji yetu ya shida ni yale ya bomba, yakikatika unayabeba kwa ndoo kutoka chini. Nalo hilo lisifichwe.

"Hati safi" ni kweli, na sifa zote ni za mama. Urasimishaji, yaani kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa ili vipate hati, ulipofika mtaani, majirani walisema mawe hayapimwi. Mama akachangia gharama, bikoni za mipaka zikawekwa, hati ikatoka kwa jina lake. Baada ya msiba tulifanya kikao cha ukoo, muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Ukiteuliwa una miezi minne kuwasilisha orodha ya mali, kwa hiyo usidhani ni cheo. Kinachonitesa sasa ni kodi: muuzaji mwenye kumbukumbu za gharama zake analipa asilimia 10 ya faida, na mimi natakiwa kueleza nyumba iligharimu kiasi gani. Nani alitunza risiti za kokoto?

Mteja wa kwanza alifika juu akihema, akatoa milioni 20 na kusema jabali "tutalilipua". Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake.

Wa pili ni kijana anayetengeneza injini za mitumbwi pale chini. Hakutazama ziwa hata kidogo. Alipanda darini, akagonga mbao za paa, akauliza mvua za masika zinavuja wapi. Ametoa milioni 31, nusu sasa na nusu ndani ya mwaka mmoja. Kaka anataka fedha zote kwa mkupuo. Mimi na dada wa Dar tunamtaka kijana, kwa mkataba ulioandikwa na mwanasheria, na hati abaki nayo mwanasheria mpaka amalize. Dodoma hajajibu. Akikubali, wiki ijayo tunasaini, na Magu nitakwenda kumweleza baba mdogo mwenyewe, uso kwa uso.