Begonia Zimevuka Julai, na Sikuwasha Jiko

Juni ikiingia, kila muuza miche wa kando ya barabara hapa Nairobi anageuka daktari. Mwulize mbona begonia imelegea majani, jibu analo mdomoni: "Madam, hiyo ni baridi tu. Ongeza maji, na usiku uifunike na nailoni." Mashauri ya aina hiyo nimeyapokea ya kutosha, na sasa naona yameua begonia nyingi kuliko baridi yenyewe.

Mimi nakaa Uthiru, na wa huku wanajua baridi yetu haina mchezo. Nyumba zenyewe mnazijua: sakafu ya terazo, madirisha ya chuma yasiyofunga vizuri, na hita ni habari ya hotelini. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi, na mchana jua linaweza kutununia siku nyingi mfululizo. Begonia za majani ya rangi, hasa rex ambazo asili yake ni milima ya Assam kule India, hupenda nyuzi 18 hadi 24. Chini ya 15 zinasimama, hazikui tena. Lakini kusimama si kufa. Tena hata misitu yetu ya milimani ina begonia yake ya kienyeji, Begonia meyeri-johannis, yenye maua meupe na inayopanda miti, na hakuna anayeipelekea blanketi.

Kinachozimaliza ni udongo uliolowa wakati wa baridi. Mmea uliosimama haunywi maji ila kidogo sana. Maji yanatuama, hewa inaisha udongoni, mizizi inaoza, na mizizi ikioza majani yanalegea vilevile kama yana kiu. Hapo ndipo mtu mwenye huruma anapokuja na jagi. Ukitaka ukweli, bonyeza lile shina nene linalolala juu ya udongo wa rex. Likiwa gumu, mmea uko hai hata kama umebaki bila jani. Likibonyea na kutoa maji ya kahawia, jiandae kuokoa majani.

Na majani ndiyo niliyookoa. Rex yangu ya rangi ya fedha na zambarau ilifunikwa nailoni kwa amri ya daktari wa barabarani. Asubuhi nailoni ilikuwa inatiririka matone kwa ndani, hewa haina pa kupita, na haukupita muda majani yakaanza kuota madoa meupe ya ungaunga. Huo ni ubwiri unga, na hewa ya baridi iliyotulia ndiyo chakula chake. Kufika hapo shina nalo lilikuwa limelainika. Jirani akaniambia, "Tupa tu, mama, utanunua ingine." Ninunue ingine, na hii ina jani moja safi?

Nilichukua wembe mpya, nikakata lile jani na kipande kifupi cha kikonyo. Nikaligeuza, nikachanja mishipa mikubwa ya upande wa chini, kila mmoja mahali pawili au patatu, hasa pale inapogawanyika. Kisha nikalilaza, uso juu, kwenye kisanduku cha plastiki angavu cha keki ya birthday, ambacho ndani nilitia kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi, na pamisi, yale mawe mepesi yenye matundu. Kokopiti niliikamua kwa mkono mpaka ikaacha kutoa tone. Jani la rex halikubali kulala, linajikunja pembeni, kwa hiyo nililibana na vijiti vya meno ili kila mkato ugusane na udongo. Kifuniko juu, na kisanduku kizima kikapanda juu ya friji, upande wa nyuma ambako joto la mashine hupanda. Watoto waliuliza kama ni chakula. Mchana nilikuwa nafungua kifuniko kidogo hewa ibadilike, na kipande chochote cha jani kilichoanza kuwa cheusi nilikikata mara moja.

Kwa muda mrefu hakukuwa na lolote. Halafu siku moja navuta kijiti kimoja, hakitoki vizuri, jani limeshikwa na mizizi kwa chini. Baadaye kidogo, pale kwenye mikato vikachomoza vijani vyekundu, vidogo kama punje za mchele, vyenye vinyweleo. Jani lile moja limenipa miche ya kujaza kidirisha cha jikoni. Jirani wa "tupa tu" ameshaomba miwili.

Zile nyingine zilivuka bila drama. Vyungu vyote nilivitoa sakafuni nikaviweka juu ya ubao na stuli, maana terazo ya usiku ni barafu tupu. Jani lisiguse kioo cha dirisha. Maji ya bomba yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, na asubuhi yanakata vidole, hivyo naacha jerikeni ndani usiku kucha na namwagilia saa nne au saa tano mchana, siyo jioni. Na simwagilii kwa kalenda. Nainua chungu, kikiwa chepesi nakipa maji, kikiwa kizito naondoka zangu. Majani sinyunyizii kabisa, hata mtu akisema zinapenda unyevu.

Pamisi, inayotoka upande wa Naivasha, usiikose. Mfuko mdogo ni kama mia mbili hivi, inategemea umevaaje ukienda kununua. Nachanganya karibu theluthi moja. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Syokimau, mwachie mwenye nyumba.

Kuna walionishauri niwashe jiko la makaa sebuleni usiku, madirisha yakiwa yamefungwa, "maua yapate joto". Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko na hawakuamka. Begonia ife kwanza.

Maculata, ile ya madoa meupe kutoka Brazil, imeangusha majani ya chini na imebaki fimbo yenye shada juu. Sijaigusa. Nitaikata Septemba jua likirudi, vipande nivioteshe kwenye glasi ya maji, na mbolea nianze wakati huohuo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko.