Wino wa Koroboi

"Fundi, bomba lako weka buti," konda aliniambia pale Makumbusho, akiamini nakwenda Bagamoyo kumuungia mtu maji. Sikumlaumu. Nilibeba kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza, ncha zote mbili nimeziziba kwa nailoni na mipira. Ndani mlikuwa na karatasi arobaini za nyuzi za mforosadi, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukimweleza konda wa Coaster saa moja asubuhi habari za karatasi za Kijapani, atakutoza nauli ya mizigo. Nikalipakata. Hadi Bunju mguu ulishakufa ganzi. Baada ya Mapinga, mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyekuwa akirudi na ndoo tupu alinionea huruma, akalivuta bomba likalala mapajani mwetu sote wawili. Tulifika Bagamoyo kama watu waliopakata chatu.

Maana ya jina la mji sitaieleza. Kila anayeandika kuhusu Bagamoyo huanza na kubwaga moyo, na wenyeji wamechoka kuulizwa ulikuwa moyo wa furaha au wa majonzi.

Mimi nachora kwa wino. Ni mwaka wa kumi na moja sasa, tangu mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa akiishi Dar aliponitilia brashi mkononi na kuniambia nichore mwanzi mmoja kila siku kwa mwezi mzima. Kwao sanaa hiyo huitwa sumi-e, na wenyewe waliipokea kutoka China pamoja na watawa wa Kizen, dhehebu la Kibuddha. Wachina wana msemo wa hazina nne za chumba cha msomi: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Hayo manne ndiyo duka langu lote. Wino wenyewe hauko kwenye chupa. Ni kipande kikavu, cheusi, umbo la tofali dogo, unakisugua juu ya jiwe lenye matone ya maji taratibu mpaka maji yawe mazito. Mwalimu wangu alisema kusugua ndiko kunyamaza kwa kuanzia. Mimi nilikuwa nasugua huku nikisikiliza redio.

Nilialikwa na rafiki aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Alinikusanyia watu saba kwenye baraza ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe, hatua chache kutoka baharini, na hapohapo ndipo nilipolala. Lilikuwa kosa langu la kwanza. Dirisha la chumba halikuwa na kioo, na usiku kusi ilivuma na unyevu wake wote. Karatasi za aina hii hazikupakwa kitu cha kuzuia maji, zinakunywa. Asubuhi nilipozitoa kwenye bomba zilikuwa zimelegea kama chapati za jana. Nikagusisha brashi kwenye moja kujaribu, doa la ukubwa wa punje ya mchele likatanuka mpaka likawa sahani. Tulizianika kwenye kamba, katikati ya kanga za mwenye nyumba, tukizilinda na upepo hadi saa nne.

Wanafunzi wangu, kama naruhusiwa kuwaita hivyo, walikuwa mchanganyiko: wawili wa sanaa za ufundi kutoka chuoni, mpiga ngoma mmoja, mchonga milango, kijana anayechora Tingatinga za kuwauzia watalii, muuza picha za mchanga, na dada mmoja anayepamba maharusi kwa hina na piko. Huyo wa mwisho alikuja na mtoto mgongoni, akakaa pembeni kabisa, akasema yeye si msanii, amekuja kutazama tu.

Somo la kwanza ni mwanzi, siku zote. Unaichovya brashi kwenye wino mwepesi, kisha ncha tu kwenye wino mzito, unailaza, unasukuma kutoka chini kwenda juu, unasita, unainua. Hiyo ni pingili moja. Unaacha upenyo mwembamba, unaanza nyingine. Mkato mmoja unakupa upande wa giza na upande wa mwanga kwa pamoja. Na hakuna kufuta. Ukirudia juu ya mkato uliokwisha kupita, karatasi inakushtaki: panabaki jeraha.

Kijana wa Tingatinga aliteseka. Ni mchoraji mzuri, mkono wake mwepesi, lakini amelelewa na rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo ule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, alichorea rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za kiwandani, na mtindo wake haupendi mahali patupu: ukikuta uwazi, weka nukta, weka ndege. Kijana alichora mwanzi wake, akautazama, akaongeza jua, akaongeza twiga.

"Basi, inatosha," nikamwambia.

"Dada, pamebaki peupe pengi hapa. Mzungu ataona sijamaliza."

Kisha akaniuliza swali ambalo nalikumbuka kuliko yote: picha ya dakika moja inauzwa shilingi ngapi? Nikamjibu kwamba yangu ya mwisho ilichukua miezi minne kuuzika. Akacheka, na sikuweza kumkatalia kicheko chake. Pale mjini mtalii anataka simba, jua linalozama na Mmasai mwenye mkuki. Nyeusi na nyeupe anapiga picha kwa simu, halafu anaendelea na safari yake. Sikwenda kumdanganya mtu kwamba wino utamlipia kodi.

Dada wa piko alikuwa bado hajashika brashi. Saa sita, mtoto alipolala, akanyoosha mkono bila kusema neno. Alichora shina, pingili tano, bila kusita. Halafu majani. Majani ndiyo yanayowashinda watu: unatua, unakandamiza, unanyanyua huku unaondoka, ncha inachongoka yenyewe. Yeye aliyafanya kana kwamba anapita juu ya kifundo cha mguu wa bi harusi. Baraza zima likanyamaza.

"Kwani umeshawahi?" nikamuuliza.

"Piko nayo haifutiki," akasema. "Ukikosea kwa bi harusi, mama mkwe anaona, shangazi anaona, na hela hulipwi. Unajifunza kuamua kabla mkono haujashuka."

Miaka kumi na moja nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema hilo kwa Kiswahili.

Siku ya pili nikashuka pwani peke yangu, kwenye soko la samaki, maji yakiwa yamekupwa na vyombo vimelalia ubavu mchangani. Nilichora jahazi moja lililokuwa bado mbali likija: tanga kwa mkato mmoja mzito, ubao wa chombo kwa mwingine, na bahari sikuichora kabisa. Ndiyo raha ya wino. Karatasi tupu chini ya chombo, jicho la mtazamaji linaleta maji lenyewe. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaja kusimama nyuma yangu muda mrefu.

"Dada, huu upepo wako unatoka wapi?"

"Kusi," nikajibu kwa kujiamini.

"Bendera umeipeperusha kaskazini, sawa. Lakini tanga umelijaza kuelekea kusini. Chombo hicho kina pepo mbili, kitapinduka."

Alikuwa sahihi. Nilichora tanga nililolizoea mkononi, lile la milima na mito ya Kijapani, badala ya kulitazama lililokuwa mbele yangu. Nikachora jingine, na jingine, yeye akinisahihisha foromali, ule mti unaoshika tanga, ilale namna gani, mpaka akaridhika na la nne. Kwa malipo akaniletea ngisi. Nilidhani ni kitoweo, kumbe alitaka kunionyesha kitu: akampasua kwa kisu, akabandua kifuko chembamba kinachong'aa kama fedha, akakitoboa juu ya kifuniko cha ndoo.

"Na huu si wino?"

Ni wino, na wa heshima zake. Ulaya ya zamani wachoraji walitumia wino wa dome, ndugu yake ngisi, na rangi ya kahawia iitwayo sepia imetokana na huyo. Nilikuwa nalijua hilo kutoka vitabuni na sikuwahi hata siku moja kulijaribu, mimi ninayeishi kilomita chache kutoka Feri, soko la samaki la Dar. Nikauongeza maji kidogo, nikachora tanga la tano. Ulishuka mweusi wenye utelezi, ulipokauka ukaelekea kahawia, na harufu yake ilinifuata mpaka chumbani.

Kaole, penye magofu ya kale, nilikwenda mchana huo kwa bodaboda, nikachora mojawapo ya makaburi yenye nguzo karibu na msikiti wa karne ya 13. Kwenye nguzo za makaburi kama yale walipachika mabakuli kutoka China. Nilikaa mbele ya tundu tupu la bakuli nikasugua wino, lakini joto lilikuwa kali, maji yakakauka juu ya jiwe kabla sijapata picha ya maana. Nikarudi.

Siku ya tatu ndiyo niliyoifuatia, ingawa sikujua. Mwenye nyumba alinipeleka kwa babu yake, mzee aliyefundisha chuoni, yaani madrasa, kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikafungua mkoba wangu. Alichukua kipande cha wino, akakigeuza, akakinusa. Uso ukabadilika.

"Hii ina kafuri. Mjukuu wangu, umemletea mzee kafuri?"

Sikuwahi kuifikiria harufu ile kwa namna hiyo. Wino wa Kijapani ni masizi yaliyokandwa na gundi ya ngozi ya mnyama, na kwa kuwa gundi hiyo hunuka, hutiwa manukato, aina ya kafuri ikiwemo. Kwangu ni harufu ya darasa. Kwake ni harufu ya kuosha maiti. Nikaomba radhi, nikamweleza: mji wa Nara ndio kitovu cha kazi hiyo, na huifanya miezi ya baridi kwa sababu wakati wa joto gundi huoza kabla wino haujakauka.

"Masizi ya nini?"

"Ya msonobari, au ya taa ya mafuta."

Akacheka hadi akakohoa. Akamwita mjukuu alete koroboi.

Utotoni mwake, alisema, kabla chupa za wino za dukani hazijawafikia, walikuwa wakiwasha koroboi na kuifunika kwa kigae cha chungu kilichoinamishwa, asubuhi wanakwangua masizi kwa unyoya, wanachanganya na gundi ya mgunga na maji, wanaandikia kwa kalamu ya mwanzi juu ya ubao. Jioni ubao unaoshwa, kesho unaandikwa tena. "Sisi tulikuwa na wino mwingine wa zafarani, ule unaandikiwa kwenye sahani, unaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Kombe. Huo wa Japani wanakunywa?" Nikamwambia hapana. Akaonekana kuwasikitikia.

Usiku ule tuliwasha koroboi mbili chini ya vigae. Wajukuu walikuwa wamerudi chuoni, nikawahadithia kisa cha Sesshū, mtawa mchoraji wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1420. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto hekaluni aliacha masomo ya dini akawa anachora tu, mwalimu akamfunga kwenye nguzo. Akalia mpaka machozi yakatapakaa sakafuni, akachora panya kwa kidole gumba cha mguu, na panya yule alifanana na wa kweli hata mwalimu alipoingia akashtuka.

"Akafunguliwa?" akauliza mdogo wao.

"Akafunguliwa."

Watoto wakamgeukia babu yao. Babu akasema kwake yeye angefunguliwa baada ya kumaliza juzuu.

Asubuhi tulipata masizi ya kujaza kijiko kimoja, kwa usiku mzima wa mafuta ya taa. Yalikuwa laini ajabu, yanaruka ukipumua. Tuliyakanda na gundi kwa kidole, tukakosea kipimo mara mbili: mara ya kwanza wino ulibabuka ulipokauka, ya pili ukanata kama asali. Mara ya tatu ukakaa. Nikaupeleka barazani, watu sita wakaupokezana. Haukuwa na kina cha ule wa Nara, ukiuzimua unageuka kijivu cha vumbi, lakini mkato mzito ulikuwa mweusi kamili, usiong'aa, na hakuna aliyeukunjia pua. Mchonga milango aliomba mabaki ayajazie kwenye maua anayochonga. Kijana wa Tingatinga alichora kunguru mmoja, akaweka brashi chini, mikono akaificha nyuma ya mgongo ili isimsaliti. Peupe pote pakabaki.

Dada wa piko hakuja siku hiyo. Alikuwa na harusi Magomeni ya hukohuko Bagamoyo. Nilimwachia brashi yangu ya pili kwa ubora, ile ya manyoya ya mbuzi. Ya kwanza kwa ubora sikuwa tayari kuachana nayo, na sioni aibu kusema.

Narudi Dar bomba likiwa jepesi, konda mwingine, swali lilelile. Safari hii nilisema ndiyo, mimi ni fundi.

Nyumbani nilibandika ukutani mambo mawili: herufi moja ya Kiarabu, nuni, ambayo babu aliiandika kwa brashi baada ya kubembelezwa sana, na lile jahazi la tano la wino wa ngisi. Nuni bado ipo. Jahazi, niliporudi jioni ya pili kutoka sokoni, nilimkuta paka wa jirani amesimama kwa miguu ya nyuma juu ya meza yangu, amekwisha kulamba nusu ya tanga.