Taa ya stoo kwa bibi na wataalamu wa zebaki

Ukiwa Tabora na una kitu cha chuma kilichozeeka, usikitaje mbele ya watu. Nilipoitoa taa moja stoo kwa bibi, chini ya magunia, mtaa mzima ukageuka wataalamu. Mmoja akasema ni ya Mjerumani. Wa pili akasema ndani ina zebaki nyekundu, na wa tatu akataka tuipasue usiku huohuo. Zebaki nyekundu, kitu kisichokuwepo kinachodaiwa kuwa na bei kubwa, ni utapeli uleule uliofanya watu wavunje cherehani na redio za wazazi wao. Najua uvumi unakotoka: mwaka 1916 Mjerumani alitengeneza hapahapa Tabora rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, na mwaka huohuo Wabelgiji wakamtimua. Lakini dhahabu na taa ya bibi vinahusiana wapi?

Bibi nilimuuliza kabla ya wote. Akasema, "Ni taa."

Ni ya bati zito, imepakwa rangi nyeusi tabaka juu ya tabaka, ina mshikio mgongoni na kioo kimoja tu mbele, kinene, kimetuna. Nikaanza na simu, napiga picha natafuta. Nikaletewa taa za bustani, taa za Krismasi, na birika la kahawa. Nikaihamishia kwenye shuka jeupe, nikaitoa juani, nikaipiga kwa ubavu. Birika likarudi, safari hii na bei. Fundi akashauri msasa. Msasa! Mwingine akasema maji ya betri. Wote niliwakatalia, na usije ukawasikiliza, kwa sababu vitu hivyo vinafuta jibu lenyewe.

Jibu lilikuwa kwenye bati. Usiku nilizima taa zote nyumbani, nikalaza tochi ya simu ubavuni mwake, mwanga upite ukilambalamba bati badala ya kulipiga usoni. Vibonde vikaanza kutoa vivuli. Maandishi! Rangi iliyaziba yasisomeke, basi nikachana karatasi ya daftari la mtoto, nikaibana juu yake, nikasugua taratibu na penseli niliyoilaza. Ikatoka E. Ikatoka A, kisha R. Halafu alama ya "&", na mwisho H. Nilicheka peke yangu gizani.

East African Railways and Harbours, yaani reli na bandari za Afrika Mashariki! Shirika hilo lilianza 1948, Reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ile ya Kenya na Uganda, na mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Hiyo H ya bandari ndiyo ilinipa umri, maana bila yake ningeweza kudhani ni ya miaka ya sabini. Mjerumani wao alikuwa ameshaondoka zaidi ya miaka thelathini kabla shirika halijazaliwa.

Kofia ya juu ilikuwa imeganda. Nilidondoshea mafuta ya taa kwenye mshono, nikaiacha ilale, nikarudia hadi ikalegea. Nikageuza, kioo kikawa chekundu. Nikageuza tena, kijani. Kumbe ndani mna vioo vya rangi vinavyozunguka mwali!

Nikaipeleka kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu ameshainyakua, anaizungusha kofia bila hata kuitazama. "Ya gadi hii. Nyekundu simama, kijani twende. Mlikuwa mmeificha wapi?"

Nikarudi mbio kwa bibi na habari yangu kubwa. "Ndiyo," akasema, "taa ya shemeji yangu, alikuwa gadi wa treni ya Mwanza. Si nilikwambia ni taa?"

Gharama zote hazikufika elfu tano, nyingi ni mafuta ya taa. Utambi wa chemli wa dukani ni mpana mno kwake. Niliukata kwa urefu ukaingia. Sasa inawaka vizuri, ila inatoa moshi, kwa hiyo naiwashia uani.