Laptopu ikiganda katikati ya kuwekwa Windows, tafuta ilipogandia kabla ya kuanza upya

Laptopu ikiganda asilimia 41, wengi huizima kwa nguvu, wakachomeka flashi tena na kuanza mwanzo. Ikiganda mara ya pili, wanatafuta toleo jingine la Windows. Mara ya tatu wanasema ni virusi.

Si virusi. Unapoweka Windows kutoka kwenye flashi, mfumo wa zamani ulio kwenye diski hauendeshi chochote. Kinachoendesha mashine wakati huo ni Windows ndogo iliyopakiwa kutoka kwenye flashi hadi kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), na chochote kibaya kilichokuwa kwenye mfumo wa zamani kimelala. Mashine ikiganda hapo, washukiwa ni wachache: flashi yenyewe, diski, RAM, joto, umeme, na mara chache mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ndiyo maana inauma kuona mtu wa Kondele, Kisumu, au Section 58, Nakuru, akilipia Windows mara tatu kwa laptopu ambayo shida yake ni diski inayokufa.

Kabla ya kuwatafuta washukiwa hao, shughulikia data. Kama picha, vyeti na kazi za shule bado ziko ndani, na hujabonyeza kufuta sehemu za diski, simama. Tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure wa Linux), iwashe kwa chaguo la kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili faili zako kwenye diski ya nje. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, itadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hutafungua kitu. Kama umeshafuta sehemu za diski na data ni ya maana, usiandike chochote juu yake. Peleka diski hiyo kwa fundi wa kurejesha data ikiwa hivyo ilivyo.

Sasa hakikisha kwamba imeganda kweli. Bonyeza Caps Lock na uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai na inangoja kitu fulani, mara nyingi diski au flashi. Taa isipobadilika hata kidogo na kishale cha kipanya hakisogei, mashine imeganda yenyewe, na hapo shuku RAM, joto au umeme kwanza. Jaribio hilo la sekunde tano linakuokolea nusu siku. Halafu ipe muda wa haki. Flashi ya USB 2 ikiandika kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika 40 hadi saa nzima, na asilimia hukaa mahali pamoja muda mrefu kisha ikaruka. Kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, dakika 20 bila kusogea ni nyingi mno.

Andika namba ilipogandia. Rudia mara moja tu, kisha linganisha. Ikiganda palepale kila mara, faili ileile kwenye flashi haisomeki au eneo lilelile la diski ni bovu. Ikiganda leo asilimia 12, kesho 67, mara nyingine kwenye nembo kabla ya lolote, ni RAM au joto. Kanuni hii hukosea mara moja moja, lakini inatosha kukuambia uanze na bisibisi au uanze na flashi.

Kama bado huna uhakika, anza na flashi kwa sababu ndiyo rahisi. Inatakiwa iwe ya GB 8 au zaidi, na iwe na ukubwa huo kweli. Zipo flashi zinazojitangaza GB 64 huku ndani mna GB 8: unaandika bila lalamiko, kisha faili za mwisho zinasomeka takataka. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux kabla ya kuiamini. Faili ya ISO, ile ya Windows unayopakua, nayo ichunguzwe. Inazidi GB 5, na bando likikatika katikati unaweza kubaki na faili isiyokamilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile jina_la_faili.iso SHA256

Linganisha herufi zinazotokea na zile zilizo kwenye ukurasa wa Microsoft ulikopakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Usinakili faili za ISO kwa mkono kwenda kwenye flashi ya FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4, na install.wim, faili kubwa iliyobeba Windows yenyewe, mara nyingi inazidi. Tengeneza flashi kwa programu ya Rufus au chombo cha Microsoft chenyewe. Kisha jaribu tundu jingine la USB, hasa lile lisilo la buluu, na uondoe kila kitu cha ziada: kipanya, modemu, kadi ya kamera. Msimbo 0x8007025D au 0x80070570 ukitokea badala ya kuganda, ujumbe ni uleule: faili haikusomeka vizuri, kwa kosa la flashi, RAM au diski.

Flashi mpya iliyothibitishwa ikiganda pia, nenda kwenye diski. Hapa ndipo nyingi za laptopu za mtumba zinapofia, zile za ex-UK kama HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude na ThinkPad za aina ya T, ambazo zilifanya kazi ofisini kwa miaka kabla ya kufika kwenye kabati la kioo la Oginga Odinga Street.

Diski ya kuzunguka ikikutana na sekta (kipande kidogo cha diski) isiyosomeka haikati tamaa upesi. Inarudia kusoma palepale, sekunde baada ya sekunde, na programu ya kusakinisha inakaa ikingoja jibu. Sekta za namna hiyo zikifuatana mia moja, asilimia haisongi saa nzima ilhali taa ya Caps Lock inawaka vizuri kabisa. Zima redio, weka sikio pale kiganja kinapotua pembeni mwa kibodi. Diski nzima hutoa mkwaruzo mdogo usio na mpangilio. Diski mbovu ina mpigo: tik, kimya, tik, kimya, kisha mvumo wa kuanza kuzunguka tena. Ukisikia hivyo, hakuna programu itakayoiponya.

Isiyotoa sauti, soma rekodi yake ya afya iitwayo SMART. HP nyingi hufungua vipimo vyake ukibonyeza F2 wakati wa kuwasha, na Dell ukibonyeza F12 kisha kuchagua vipimo, huhitaji intaneti. Kwenye Ubuntu ya flashi, fungua programu ya Disks uangalie SMART humo, au sakinisha smartmontools uandike:

sudo smartctl -a /dev/sda

Angalia mistari minne. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa. Namba 197 ni sekta zinazoshukiwa zikingoja uamuzi. Namba 198 ni zilizoshindikana kabisa. Ya 197 ikiwa juu ya sifuri, umempata mkosaji. Namba 199 ni tofauti: inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu wa laptopu. Ikipanda huku zile nyingine ziko sifuri, diski ni nzima na shida ni kebo yake bapa au soketi iliyolegea. Kebo ni rahisi kuliko diski, kwa hiyo usinunue diski kabla ya kuusoma mstari huo. Ukitumia CrystalDiskInfo, kumbuka kwamba thamani zake huonyeshwa kwa mfumo wa herufi na tarakimu mpaka ubadilishe kwenye mipangilio, na 64 ya hapo ni 100 ya kawaida.

Kuna wanaopitisha amri ya clean all kwenye diskpart, chombo cha Windows cha kupanga diski, inayoandika sifuri kwenye diski yote, ili sekta zinazoshukiwa zihamishwe. Inafanya kazi wakati mwingine, na kwa diski ya GB 500 inachukua saa mbili hivi au zaidi. Inafuta kila kitu. Kwa maoni yangu diski iliyofikia hapo isipewe kazi ya kubeba mfumo wala kumbukumbu za mtu. Weka SSD.

Jaribio la haraka zaidi halihitaji programu yoyote. Toa diski, washa flashi ya Windows bila diski ndani. Kama awali iliganda hata kabla ya kufika mahali pa kuchagua diski, na sasa inafika pale upesi na kusema haioni diski, jibu unalo. Kwenye ThinkPad zenye betri ya ndani, ingia BIOS kwa F1, nenda kwenye sehemu ya umeme, chagua kuzima betri ya ndani, ndipo ufungue skrubu. Ukifungua huku betri ya ndani ingali hai unaweza kuunguza ubao.

Kama diski iko safi na mahali pa kugandia panahamahama, shika RAM. Programu ya kusakinisha inafungua faili kubwa iliyobanwa, na kila kipande kinapitia kwenye RAM. Seli moja mbovu ambayo kivinjari hakijawahi kuigusa inaguswa hapa. Ndiyo maana laptopu ilionekana nzima hadi siku ya kuweka Windows.

Zima, toa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30. Toa vipande vyote vya RAM. Sugua meno ya dhahabu taratibu kwa raba nyeupe ya shule, pande zote mbili, kisha yafute kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, uache yakauke. Usitumie sandipepa, kwani inakwangua dhahabu. Rudisha kipande kimoja, ukikiingiza kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi mpaka meno yazame, ndipo ukilaze hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kipande ambacho hakijazama sawasawa kinaweza kuwasha mashine na bado kikaigandisha.

Kisha endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Toleo la 6 kwenda mbele linafanya kazi kwenye mashine za UEFI, yaani zenye BIOS ya kisasa. Ikikataa kuanza, zima Secure Boot kwenye BIOS. Iache imalize mzunguko mzima, na ukiweza iache usiku kucha. Kosa moja jekundu linatosha kukihukumu kipande hicho. Jaribu kila kipande peke yake na kila soketi peke yake, kwa sababu wakati mwingine RAM ni nzima na soketi ndiyo mbovu. Ukinunua nyingine, jua aina: laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 hutaka DDR3L ya volti 1.35, na za DDR4 hutaka volti 1.2. DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye soketi ya DDR3L bila kipingamizi, lakini mashine inaweza kukataa kuwaka au kuganda ovyo.

Joto sasa. Alasiri ya Kisumu hufika nyuzi 30, na vumbi jepesi la Nakuru la Januari na Februari hujaza feni kama pamba. Kusakinisha kunatumikisha prosesa muda mrefu mfululizo. Ikikaribia nyuzi 100 inapunguza kasi mno, na ikizidi mashine inajizima. Usiiweke juu ya kitanda wala juu ya kile kitambaa cha kufuma cha meza ya sebuleni, kwani kinaziba matundu ya chini. Inua sehemu ya nyuma kwa vitabu viwili. Ukipuliza feni, ishike kwa kijiti isizunguke, maana upepo wa nguvu unaharibu beringi zake. Pasta ya joto iliyokauka ikwanguliwe na kuwekwa mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Umeme nao. Laptopu yenye betri iliyokufa inategemea chaja pekee, na mvua ya alasiri ya Kisumu au Kakamega huja na radi na stima ya kupepesuka. Kukatika sekunde moja katikati ya kunakili kunaacha mfumo nusu. Fanya kazi hiyo asubuhi, au chomeka kwenye UPS. Chaja iwe na wati sahihi: nyingi za HP na Dell za ofisini hutaka wati 65. Dell isipoitambua chaja, inashusha kasi ya prosesa kiasi kwamba utadhani imeganda. Betri iliyovimba na kuinua padi ya kugusa itolewe kabla ya kitu kingine chochote.

BIOS ni ya haraka. Rudisha mipangilio ya kiwandani na urekebishe saa na tarehe. Kwenye mashine za kizazi cha 11 cha Intel na kuendelea, diski isipoonekana kabisa huenda VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, imewashwa, na programu ya kusakinisha inahitaji programu-dereva yake au uizime. Mashine ya Core 2 Duo haitapita nembo ya Windows 11 toleo la 24H2, kwa sababu prosesa yake haina amri ya POPCNT. Hapo hakuna cha kurekebisha. Weka Linux nyepesi. Windows 10 ilimaliza kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ikiganda baada ya kujiwasha upya mara ya kwanza, flashi karibu haina hatia tena, kwa kuwa faili zimeshahamia kwenye diski. Ichomoe wakati huo, la sivyo mashine inaweza kuianza kazi upya kutoka mwanzo. Ikisimama ikitafuta masasisho, zima hotspoti ya simu. Ni mtandao unaobana. Ubuntu ikitoa skrini nyeusi, hasa yenye kadi ya NVIDIA, bonyeza e kwenye orodha ya kuanzia, ongeza neno nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10.

Ukitaka kuona Windows inalalamikia nini, bonyeza Shift na F10 pamoja wakati wa kusakinisha, kabla mashine haijajiwasha upya mara ya kwanza, au ongeza Fn kwenye baadhi ya kibodi, uandike:

type x:\windows\panther\setuperr.log

Mistari ya mwisho ndiyo yenye habari.

Windows ikishaingia, soma SMART tena siku hiyohiyo, andika namba za 5, 197 na 199 pamoja na tarehe kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, ukibandike chini ya laptopu. Baada ya wiki moja zisome upya. Ya 197 ikiwa imetoka sifuri hadi 8, nakili data usiku huohuo.