Ulimwona akiondoka? Wakati uliopita wa Kibashkiri, kutoka jikoni Ufa

Viatu vya kijana wa nyumbani havikuwapo mlangoni. Jirani alikuwa amesimama kizingitini akimuulizia, na mimi, kwa mbwembwe za mtu aliyejifunza kitenzi jana usiku, nikawahi kujibu: «Ул китте» (ul kitte). Ameondoka.

Mama mwenye nyumba, ambaye namwita apai kama wanavyomwita hapa mwanamke aliyekuzidi umri, akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

«Күрҙеңме?» Ulimwona?

«Юҡ, күрмәнем.» Hapana, sikumwona. Nimeona tu viatu havipo.

Akamgeukia jirani, akanisahihisha kwa neno moja: «Киткән» (kitkän).

Kwa Kiswahili kote ningesema «ameondoka» na maisha yangeendelea. Kwa Kibashkiri nilikuwa nimetoa ushahidi wa jambo nisilolishuhudia. Kwamba kijana kweli alikuwa ameondoka, hilo halikunisaidia kitu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu Ufa, mji mkuu wa Bashkortostan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, magharibi mwa milima ya Ural. Nasomea mambo ya mabomba ya mafuta. Mtu wa Tanga, ambako bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, haulizwi kwa nini. Darasani ni Kirusi, sokoni Kirusi, kwenye basi Kirusi. Kibashkiri nacho ni lugha rasmi na mabango ya serikali yanakiandika, lakini mjini hapa mgeni anaweza kumaliza shahada nzima bila kukihitaji. Mimi nimekifuata jikoni kwa apai. Wabashkiri wanakunywa chai ya maziwa, jamani, tena kikombe baada ya kikombe, na mtu aliyekulia kwenye chai ya maziwa hawezi kukaa mezani bila kujua kinachosemwa.

Nikaanza na sauti, nikakuta nusu ya kazi nilishafanyiwa utotoni. Ile herufi ҙ inayowatesa wanafunzi wenzangu wa Kirusi ni dh yetu ya dhahabu. Ҫ ni th ya thamani. Ғ ni gh ya ghali, na ң ni ng' ya ng'ombe. Warusi hawana hata moja kati ya hizo. Apai aliponisikia nikisema «барҙым» kwa dh safi alimpigia simu dada yake nirudie asikie.

Hilo «барҙым» ndilo la kuanzia. Chukua amri ya mtu mmoja: бар (bar), nenda. Hiyo ndiyo shina. Bandika alama ya wakati uliopita, ҙы, kisha alama ya mtu, м: бар-ҙы-м, nilikwenda. Ukitazama vizuri ni «ni-li-kwenda» iliyogeuzwa, kitenzi kimetangulia na mimi nimekwenda kukaa mkiani. Wewe ni барҙың, sisi барҙыҡ, nyinyi барҙығыҙ, wao барҙылар. Yeye hana mkia wowote: барҙы, basi, awe mwanamume au mwanamke. Baada ya Kirusi, ambacho kitenzi cha jana hubadilika kwa kuangalia aliyetenda ni mke au mume, hapo nilipumua.

Kinachosumbua ni kwamba hiyo ҙы haikai vilevile. Inaangalia sauti ya mwisho ya shina. Ikiwa ni р, й, ҙ au ile у inayosikika kama w, inabaki ҙ: күрҙем, niliona, яҙҙым, niliandika. Shina likiisha kwa irabu inakuwa н: ашаным, nilikula, уҡыным, nilisoma. Baada ya konsonanti zisizo na mtetemo, kama т na с, inakuwa т: ҡайттым, nilirudi nyumbani, эстем, nilikunywa. Baada ya л, м, н na ң ni д ya kawaida: килдем, nilikuja, алдым, nilichukua. Na irabu nayo inafuata irabu za shina, ndiyo maana барҙым ina ы na килдем ina е. Shina lenye о au ө huvuta mkia nao uviringe: торҙом, nilisimama, көттөм, nilisubiri. Usikariri orodha. Mimi nilijaribu, nikaiandika ukutani juu ya kitanda, haikuingia. Iliingia nilipoanza kusema kwa sauti nilichofanya kila siku nikiosha vyombo: nilikula, nilikunywa, nilisoma, nilisubiri basi. Basi lilisubiriwa sana, kwa hiyo «көттөм» naijua hata usingizini.

Kukanusha ni kwepesi kuliko kwetu. Sisi tunavunja vyote, «nilikwenda» inakuwa «sikwenda», ni na li zote zimepotea. Wao wanapenyeza ма au мә katikati tu: бар-ма-ны-м, кил-мә-не-м. Ile ҙ na ile д zimekuwa н kwa sababu sasa zimetanguliwa na irabu, kanuni ileile. Swali ni kubandika мы au ме mwishoni, kama apai alivyonifanyia mlangoni.

Sasa tuje kwenye киткән. Huu ni wakati uliopita mwingine, wa jambo ambalo hukulishuhudia: umeambiwa, au umeona alama zake tu. Mkia wake ni ған, гән, ҡан au кән, na hauna usumbufu wa ule wa kwanza: барған, килгән, ҡайтҡан, киткән. Niliuelewa siku moja ya Oktoba kuliko nilivyouelewa kitabuni. Apai alivuta pazia asubuhi, nje kote kumekuwa cheupe, akasema: «Ҡар яуған!» Theluji imeanguka, sisi tukiwa tumelala. Jioni nikarudi kutoka kituoni, theluji imenijaa mabegani na kwenye kofia, nikatamka kabla hata sijavua viatu: «Ҡар яуҙы.» Akatikisa kichwa kukubali. Hapo nilikuwa shahidi halali.

Kiswahili hatujakosa kitu hiki, ila tunakibeba nje ya kitenzi. Tuna kumbe, tuna eti. Wao pia wana икән, na «Ҡар яуған икән!» naisikia masikioni kama «Kumbe theluji imeanguka!» ya mtu wa Ngamiani, kwetu Tanga. Tofauti ni kwamba eti yangu naweza kuisahau nikitaka umbea unoge. Mkia wa kitenzi siwezi kuuacha, lazima nichague mmoja, na mezani kwa apai kuna watu wanaosikiliza nimechagua upi.

Kuna mahali mkia huu wa pili unachekesha: ukijisemea mwenyewe. Nilisinzia juu ya vitabu nikachelewa chakula, apai akanifundisha kujitetea: «Йоҡлап киткәнмен.» Kumbe nilipitiwa na usingizi. Mtu hashuhudii usingizi wake ukiingia. Utetezi huo ulikubaliwa, nikapewa supu.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka kijijini, nikasimama kujitambulisha. Nilisema kwa kujiamini: «Мин Тангала тыуҙым.» Nilizaliwa Tanga. Watu husema hivyo, wala si kosa, lakini mzee mmoja akaniuliza taratibu kama nakumbuka siku yenyewe ilikuwaje. Meza nzima ikacheka. Nikarekebisha: «Тыуғанмын.»

Usiku nikampigia mama, kwao bado ni saa mbili nyuma yetu, nikamweleza kisa chote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akataka nimfundishe lile neno la kwanza, тыуҙы, kwa sababu yeye alikuwepo.