Kisiwa cha Bamvua: upondo umeingia, siwa imetoka

Kwa mgeni wa mradi huu: Kisiwa cha Bamvua ni mchezo wa kompyuta ninaoutengeneza mwenyewe hapa Mombasa, usiku baada ya kazi. Unautazama kutoka juu kama ile michezo ya zamani ya Zelda: unazurura, unapigana kidogo, unaingia mapangoni, unapata kifaa, na kifaa kinakufungulia sehemu ambazo jana zilikushinda. Injini, yaani programu inayouendesha mchezo, ni Solarus, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilizaliwa mikononi mwa mashabiki waliotaka kutunga michezo yao wenyewe kwa mtindo ule. Skrini ni piseli 320 kwa 240, na kila kifaa kina faili lake la Lua, lugha ya kuandikia programu, ambalo unaweza kulichokonoa upendavyo. Mhusika ni Mwanasiti, binti wa nahodha, na kisiwa chenyewe si Mombasa, ila aliyekulia Kibokoni, kule Mji wa Kale, ataona vichochoro anavyovijua.

Tangu nilipoandika mara ya mwisho, mambo makubwa ni haya: upondo, ule mti wa kusukumia dau, umekamilika, maji yanajaa na kupwa katika ramani zote za kusini, mbuzi ya nazi inakuna, na siwa, lile baragumu la enzi, nimeiondoa kwenye mkoba wa Mwanasiti.

Kabla ya upondo niseme kwa nini nimeng'ang'ania vifaa muda wote huu badala ya kuongeza ramani. Michezo mingi ya mashabiki niliyocheza, hasa ile iliyotengenezwa kwa Zelda Classic, programu iliyoanza mwaka 1999 na kuwapa watu kihariri cha kutungia visa vyao, ina ubunifu wa ajabu katika vifaa. Lakini ipo pia ile ambayo kifaa ni ufunguo uliovishwa nguo. Unapata nyundo nyekundu, unavunja mawe mekundu, basi, nyundo haina kazi tena hadi mwisho. Ukitaka kuona kifaa kilichofikiriwa, rudi kwenye Zelda ya kwanza kabisa, ya 1986, uitazame ile filimbi. Ukiipiga mahali fulani ziwa linakauka na ngazi za kushukia zinaonekana. Ukiipiga kwingine kimbunga kinakubeba hadi kwenye pango ulilokwisha kulimaliza. Ukiipiga mbele ya Digdogger, lile dude kubwa lenye jicho moja, linanywea mpaka linapigika. Kifaa kimoja, kazi tatu, na hakuna anayekuambia waziwazi. Hata mishale ya mchezo ule ina akili yake: kila mshale unakula rupia moja kutoka mfukoni mwako, kwa hiyo kupiga ovyo ni kufilisika.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba kifaa kikiwa na kazi moja tu, hakiingii.

Upondo ndio ninaojivunia. Kila mtu wa pwani anaujua: mti mrefu wa kusukumia dau penye maji madogo. Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi. Mwanasiti akiwa ndani ya dau na ukabonyeza kitufe, anauchomeka, dau linasogea piseli 16 upande aliotazama, na ukishikilia kitufe linaendelea. Kazi ya pili ni kuruka. Akiwa nchi kavu mbele ya mtaro usiozidi piseli 32, anauchomeka katikati na kujirusha ng'ambo. Hapa nilikaa sana, maana picha za kuruka zikiwa chache anaonekana amehamishwa kwa uchawi, na zikiwa nyingi mchezo unapoteza wepesi. Nimetulia kwenye picha 6: kuinama, kuchomeka, miguu kuacha ardhi, mwili kulala juu ya mti, kushuka, kusimama. Ile ya nne ndiyo inayobeba kila kitu. Buibui lake linapeperuka nyuma kwa piseli 3 tu, na jicho linakubali kwamba ana uzito.

Kazi ya tatu ni kupima. Kwenye matope ya mikokoni kuna sehemu ngumu na sehemu zinazomeza mtu, na zote zina rangi moja. Ukichomeka upondo, sauti ndiyo inayokujibu: kavu penye mwamba, ya kuzama penye tope. Hakuna mshale wala alama inayomulika. Mchezaji lazima asikilize.

Utamu uko hapa lakini: upondo una urefu. Maji yakiwa juu, hautui chini. Kwa hiyo mkondo uliouvuka asubuhi bila tabu, mchana dau linakaa hapo hapo linazungukazunguka. Mpwa wangu, ambaye ndiye mjaribu wangu mkuu na hana huruma, aliniita kutoka sebuleni:

"Mjomba, upondo umeharibika!"

"Haukuharibika, mjomba. Tazama maji."

Kimya kidogo. "Yamejaa."

"Basi?"

Akaweka pedi chini, akaenda kunywa chai, akarudi maji yamepwa. Sikuwa nimepanga mtu asubiri namna hiyo, lakini hata wavuvi wa Tudor husubiri hivyo hivyo, na sioni sababu ya kumzuia.

Sasa maji yenyewe. Baharini kwetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni takriban saa 12 na dakika 25. Nimeifanya saa moja ya kweli iwe dakika moja ya mchezo, kwa hiyo mzunguko mmoja ni dakika 12 na sekunde 25. Zile sekunde 25 watu wameniuliza ni za nini. Ndizo zinazofanya maji yachelewe kila siku, ili mchezaji asikariri kwamba jua likifika pale, mchanga utakuwa wazi.

Kina kina ngazi 5, kuanzia 0 hadi 4. Kila kigae cha maji kimepewa jina linaloanza na ngazi yake, na injini inaweza kuwasha au kuzima vyote vyenye mwanzo huo kwa amri moja, kwa hiyo ramani nzima inabadilika bila kupakiwa upya. Jambo moja la kuzingatia kwa anayetaka kuiga: kipima muda kifungwe kwenye mchezo, kisifungwe kwenye ramani. Kilichofungwa kwenye ramani kinakufa ukitoka mlangoni, na bahari inasimama kila unapoingia dukani.

Jina la kisiwa linadai bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ipo. Hapa Mombasa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na miamba ambayo huioni siku nyingine inatoka nje. Lau ningeufuata mwezi wa kweli kwa kipimo changu, bamvua ingekuja kila baada ya saa karibu sita za kucheza, na hakuna mwenye subira hiyo. Mwezi wa kisiwani una siku 8, bamvua mbili, kwa hiyo inakuja kila baada ya saa moja na nusu hivi. Ngazi 0 ya maji, ambayo inafunua mlango wa pango la tatu, inafikiwa wakati wa bamvua tu. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, bahari inacheza kati ya ngazi 1 na 3, na hapo ndipo upondo unapofaa kwa safari ndefu. Na ukiliacha dau ufuoni maji yakiondoka, limepwelewa. Utalikuta limelala ubavu mchangani, na hakuna kifaa cha kulivuta. Baadhi ya waliojaribu wamelalamika. Nimewasikia, na dau litaendelea kupwelewa.

Mbuzi ya nazi imetokea kuwa kifaa cha kuchekesha kuliko vyote. Ili kuitumia Mwanasiti lazima aketi, na akiketi hawezi kutembea wala kujikinga, kwa hiyo unachagua mahali. Ukikuna nazi unapata vitu viwili: tui, ambalo linarudisha uhai, na machicha. Machicha ukiyatupa, kaa wanayakimbilia, na kuku pia. Katika pango la pili kuna kaa mkubwa aliyeziba njia, ambaye gamba lake halipenywi na silaha yoyote uliyo nayo wakati huo. Wengi wanampiga mpaka wanachoka. Kumbe ni wa kutupiwa machicha tu, anahama, unapita. Halafu kwa kuwa mbuzi ina uzito ukiikalia, inabonyeza vile vibao vya sakafuni vinavyofungua milango. Rafiki yangu mmoja alinitumia ujumbe kwamba anaona aibu bibi yake akimwona anakalia mbuzi katikati ya jumba la majini. Nimeuhifadhi ujumbe ule.

Kipepeo, kile cha ukili cha kupepea mkaa, kimeingia bila matatizo: kinafufua makaa yaliyofifia, kinasukuma moshi, kinafukuza nyuki, na kinajaza tanga dogo la ngalawa kwa sekunde chache. Sina la kuongeza hapo.

Siwa ndiyo iliyoniumiza kichwa. Mwanzoni nilitaka Mwanasiti aibebe na kuipuliza. Lakini kila kazi niliyoibuni ilikuwa ya ile filimbi ya Zelda kwa sura nyingine, na juu ya hapo haikuniingia akilini. Anayeijua siwa ya pembe ya Pate, au ile ya shaba ya Lamu, anajua kwamba si kitu cha kutia kwapani na kukimbia nacho. Ni ya enzi, ilipulizwa kwa shughuli za watawala na harusi za wakubwa, na ina urefu wa kumshinda mtoto. Kwa hiyo sasa iko mjini, ina mpulizaji wake, na inalia kila maji yanapogeuka: mlio mmoja yakianza kujaa, miwili yakianza kupwa. Unaisikia hata ukiwa pangoni, kwa mbali. Imenisaidia kuondoa ile saa ya maji niliyokuwa nimeichora pembeni mwa skrini, ambayo ilikuwa inaharibu sura yote.

Kuhusu uwezo wa mwili, kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, kimefika nusu. Mwanasiti anafundishwa na mzee mmoja mtaani jinsi ya kupokea fimbo kwa fimbo. Ngoma inapiga mapigo 100 kwa dakika, yaani moja kila milisekunde 600, na ukikinga ndani ya milisekunde 120 za pigo, fimbo ya adui inamrudia mwenyewe. Nje ya hapo unakinga tu, hupati faida. Tatizo ni kwamba spika za laptopu nyingine huchelewesha sauti, na mchezaji mwenye sikio zuri anaonekana mbovu. Nitaweka kipimo cha kusawazisha mwanzoni, ambapo unapiga kitufe kufuata ngoma na mchezo unajirekebisha. Wiki ya stima kukatika kila jioni haikusaidia kazi hii.

Kuna aliyeuliza kwa nini nachora kila kitu upya badala ya kuchukua picha za Zelda zilizo tele mtandaoni. Jibu ni AM2R, ule mchezo wa shabiki uliotengenezwa kwa miaka mingi kuijenga upya Metroid II ya Nintendo. Ulitoka Agosti 2016, na muda mfupi tu baadaye viungo vya kuupakua vikaanza kuondolewa kwa madai ya Nintendo, ambayo Zelda pia ni yake. Sitaki kukesha miaka halafu barua moja inifute. Mtindo wa mchezo ni wa kila mtu, lakini picha, muziki na majina yana wenyewe. Kwa hiyo milango yenye nakshi nimeichora kwa kutazama ile ya barabara ya Ndia Kuu hapa Mombasa, na jumba la mwisho nimelipanga kwa kufuata ramani ya Fort Jesus, ambayo Wareno waliianza 1593 na ambayo ukiitazama kutoka juu ina kichwa, mikono na miguu. Ngome yenye umbo la mtu ni zawadi kwa mtengenezaji wa mapango: kila kiungo ni ghorofa yake. Kule ndani kisa ni mzingiro kama ule wa Waomani wa 1696 hadi 1698, chakula kinaisha, na tui lako unagawana na watu waliozingirwa. Ukiwanyima, hakuna atakayekufungulia lango la mkono wa kushoto.

Kinachofuata ni kumaliza kirumbizi, kisha ramani za kaskazini ambako bado bahari imeganda. Toleo la kujaribu litakuwa la Windows na Linux. Waliohifadhi mchezo kwenye toleo lililopita wataanza upya, kwa sababu majina ya kina cha maji yamebadilika na faili za zamani hazisomeki tena. Na ukimkuta yule kaa, usimpige.