UE inakuja, Kariakoo ilifungwa na bajeti imesomwa

Leo ni Jumapili tarehe 30 Juni 2024, kesho serikali inaanza mwaka mpya wa fedha na mimi nipo hosteli napiga msuli wa UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, yani madesa ya kusomea yako mezani na simu iko mkononi, ndo hali ya kila mtu hapa. Mwezi huu habari zimekuwa nyingi mpaka hujui ushike ipi uache ipi, bajeti, treni ya umeme, Eid, mpira wa Euro, mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo, Wakenya na muswada wao wa fedha, vyote ndani ya wiki mbili na ushee. Chumbani kwetu kuna mmoja yeye ni Euro tu mpaka usiku wa manane, na kuna mwingine anasema kila siku kwamba mambo ya kodi na bajeti ni ya wakubwa, mwanafunzi kazi yake ni kumaliza mitihani bila sup, yani bila kurudia mtihani, basi. Hili la pili ndo limenifanya niandike maana limenikaa rohoni wiki nzima.

Mama yangu ana duka Morogoro, sio duka kubwa, anauza vyombo vya plastiki, ndala, nguo za watoto na vitu vidogo vidogo vya nyumbani, na mzigo wake wote unatoka Kariakoo. Tangu nimekuja kusoma Dar mimi ndo mtu wake wa mjini. Akishaongea na mwenye duka na kutuma hela, mimi naenda nahakiki mzigo, unafungwa, napanda nao bajaji au guta mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi, unapakiwa kwenye basi na jioni anaupokea. Hela ya duka hilo ndo imenisomesha kuanzia msingi mpaka fomu siksi, na hata sasa hivi bumu, ile hela ya mkopo wa serikali ya kujikimu, likikata kabla ya wakati wake ni hilo duka linanishika mkono.

Sasa Jumatatu ile ya tarehe 24 akanipigia asubuhi, "mwanangu nasikia Kariakoo wamefunga, hebu nenda kaangalie mzigo wangu maana hela nimeshatuma." Nikaenda na mwendokasi, nikashuka Gerezani nikaingia kwa miguu. Jamani mnaoijua Kariakoo mnajua mtaa wa Kongo ulivyo siku za kawaida, unasukumwa mbele unasukumwa nyuma, mtu anakupigia kelele kwenye sikio kwamba kila kitu elfu mbili mbili, mkokoteni nyuma yako unaomba njia na hapo hapo umeshika mfuko kifuani usiibiwe. Siku hiyo niliona lami ya mtaa wa Kongo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mageti ya chuma yote yameshushwa na makufuli juu yake, wenye maduka wamesimama nje vikundi vikundi wanabishana kwa sauti za chini, makuli wamelala juu ya mikokoteni yao mchana kweupe. Upande wa Msimbazi kulikuwa na mama ntilie mmoja saa nane mchana sufuria lake la wali bado limejaa mpaka juu, akaniita, "njoo ule mwanangu, hata ukiwa na buku nakuwekea." Nikala, nyama na kila kitu, na nilipomaliza nikamuuliza hicho chakula kingine atakipeleka wapi, akasema atawagawia makuli maana na wao siku hiyo hawana hela na kesho watamkumbuka. Yule mama hana mashine ya risiti wala hakukaa kikao chochote cha mgomo, ila hasara ya siku ile ilikuwa imekaa kwenye sufuria lake.

Nikampata yule kaka anayemuuzia mama mzigo, alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo lao, mpole tu. Nikamuuliza tatizo ni nini hasa maana mtandaoni kila mtu anasema lake. Akanieleza vizuri mpaka nikaelewa kuliko nilivyowahi kuelewa darasani. Anasema yeye hakatai kodi. Ila anayeshusha kontena anamuuzia mzigo wa milioni kumi halafu anampa risiti ya milioni nne, au hampi kabisa. Sasa yeye akiuza kwa risiti kamili anatakiwa atoe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwenye bei yote, na ile aliyotakiwa kukata kwasababu ameshalipia wakati wa kununua hawezi kuionyesha, karatasi inasema milioni nne. Kwahiyo akifuata sheria peke yake wakati juu yake haijafuatwa, faida yote inaondoka na mtaji unaanza kuliwa. Na akificha, wanamkamata. Halafu kibaya zaidi anasema ni ile kamatakamata ya barabarani, mteja katoka Zambia au Congo na mzigo wake, anasimamishwa nje ya duka anadaiwa risiti, anapigwa faini, huyo mteja mwaka kesho haji Dar tena, anatafuta soko lingine. "Wakija dukani kwangu kunikagua sawa, ila mteja wangu wa Lubumbashi kakosa nini?" ndo alivyoniambia.

Mimi nasoma uhasibu, haya mambo ya kurudishiwa kodi ya manunuzi tunayafanya kwenye mtihani, unachora jedwali unatoa huku unajumlisha kule unapata alama zako. Hakuna mtu alishawahi kutuambia kwamba jedwali lile linaharibika kwenye mstari wa kwanza kabisa, pale bandarini na kwenye godauni, na kwamba anayeadhibiwa ni aliye mstari wa tatu. Nadhani hapo ndo pa kuanzia kama serikali inataka kutibu hili jambo. Mwaka jana Mei walifunga hivi hivi mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja, wakaongea wakafungua, na mwaka umepita kidogo tu tumerudi pale pale na safari hii mpaka Mwanza, Mbeya na Arusha wakafunga. Kitu kikijirudia namna hiyo tatizo linakuwa liko kwenye mfumo, sio kwamba watu fulani ni wakorofi.

Lakini sasa, na hapa ndo pananiumiza kichwa, mimi huyu huyu mtoto wa mwenye duka ninaishi kwa bumu. Shilingi elfu kumi kwa siku ya chakula na malazi, ilikuwa 8,500 ikapandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo hela inatoka bajeti ya serikali na marejesho ya waliotutangulia ambao wanakatwa asilimia 15 ya mshahara. Bajeti ni kodi. Kwahiyo ile VAT ambayo haikufika kwasababu risiti ya kontena imeandikwa nusu, ni bumu la mtu, ni mdogo wangu ambaye mwaka huu anamaliza fomu siksi na ataomba mkopo na anaweza kukosa au kupewa asilimia ndogo. Yule rafiki yangu anayesema kodi ni mambo ya wakubwa anakula hiyo kodi asubuhi mchana na usiku, akisaini bumu ndo anasaini kodi ya watu. Nilimwambia hivyo akanyamaza kidogo halafu akasema sawa lakini tufanyeje sasa, na hilo ni swali zuri kabisa.

Hiyo elfu kumi yenyewe wacha niiweke hapa kwa ambao hawajui maisha ya chuo, maana kuna watu wanasema wanafunzi wanapewa hela nyingi za kuchezea. Chai na chapati mbili asubuhi 1,500 imeondoka. Wali maharage mchana 2,000, ukiweka nyama inapanda. Usiku hivyo hivyo. Nauli ya daladala ilipandishwa Desemba mwaka jana, ya chini ikawa 600, kwenda na kurudi tu 1,200 na kama unaunganisha magari zidisha, na sisi wa chuo ile nauli ya mwanafunzi ya 200 haituhusu. Hapo hujalipa chumba kama hukupata hosteli, hujatoa kopi, hujaweka bando. Na bando sio starehe, mwezi uliopita mikongo ya baharini ilipokatika, ile EASSy na Seacom, tulikaa siku kadhaa hata kufungua mfumo wa chuo shida, kazi zinatakiwa kutumwa na haziendi, ndo utajua kama intaneti ni kitabu au ni anasa. Kwahiyo posho iliyopangwa 2022 inatakiwa inunue vitu vya 2024, na sijasikia mtu akiisemea mahali.

Hapo ndo nakuja kwa Wakenya. Bajeti yetu na yao zilisomwa siku moja, Alhamisi tarehe 13, ya kwetu trilioni 49.35 ikasomwa Dodoma na Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba. Wenzetu wa umri wetu kule walichukua muswada wa fedha wakausoma kifungu kwa kifungu, VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya magari, wakaueleza kwenye TikTok kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha za nyumbani kwao ili hata bibi aelewe. Yaliyotokea tarehe 25 pale bungeni Nairobi wote tumeyaona na kuna vijana wamekufa, wengine wanafunzi kama sisi, Mungu awapokee na awape wazazi wao nguvu, sio jambo la kuliongelea kama mechi na limenisumbua usingizi. Kesho yake Rais Ruto akasema ule muswada hausaini. Mimi kinachonibaki zaidi ni ile kazi ya kabla ya maandamano, ile ya kukaa na nyaraka na kuisoma. Muswada wetu wa fedha upo, unapatikana, na chumbani kwetu hakuna aliyekuwa ameufungua mpaka wiki hii. Tumeanza kuusoma na yule wa Euro, kurasa chache kila usiku kabla ya mpira, na tunaandika maswali pembeni, mengine tutamuuliza mwalimu wetu wa kodi.

Halafu treni. Ijumaa ya tarehe 14 SGR, ile treni ya umeme, ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro na wikiendi ile ya Eid nikaenda nayo nyumbani. Nauli 13,000, ni zaidi ya bumu la siku nzima, ila sikujutia. Ile barabara ya Kibaha, Mlandizi mpaka Chalinze mnaijua, foleni ya malori, jua, basi limesimama watu wanauza mayai dirishani, masaa yanaenda. Sasa ni Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, umefika, hujatimiza hata masaa mawili. Mama alikuja kunipokea na kitu cha kwanza aliuliza sio habari za chuo, aliuliza "hiyo treni inabeba mzigo?" Nilifurahi sana kwa lile swali, maana ndo swali lenyewe. Kwa mwezi huu wa Juni 2024 ni abiria tu. Siku mabehewa ya mizigo yakianza na bei ikawa ya mtu mwenye duka dogo, mama hatahitaji guta wala basi la jioni, na mzigo utafika na karatasi zake.

Kariakoo wameshafungua, wiki haikuisha, serikali imesema inasitisha ile kamatakamata ya risiti wakati mazungumzo yanaendelea. Mzigo wa mama ulitoka Ijumaa, ndala zote zimefika isipokuwa saizi za watoto wadogo ambazo yule kaka kasema zipo kwenye kontena ambalo bado halijatoka. Nimemwomba safari hii aandike risiti ya bei yote, kasema atajaribu kama na yeye atapewa. Wadau wenye uelewa wa mambo ya forodha naomba mnieleze hapo chini, mwenye kontena anawezaje kutoka bandarini na thamani nusu, ni nani anayekadiria na anatumia nini kukadiria? Paper ya kodi ni Alhamisi, ila hili nauliza kwa ajili ya duka.